Mkaazi akirudi kwake si mgeni: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kutoka Buyenzi, Bujumbura, kuhusu watu ambao mikataba yenu imewapita pembeni, nao ni wakaazi wa kudumu. Raia ana pasipoti yake, mkimbizi ana karatasi ya UNHCR, mtalii ana viza. Ninayemsemea ni mtu aliyefanya maisha katika nchi isiyo ya pasipoti yake, akapewa kadi ya ukaazi kihalali, akalipa kodi, akazaa na kuzika hapo, kisha akatoka kwa sababu fulani na akakawia huko alikokwenda. Siku anaporudi kwa barabara, amebeba mabegi yake, langoni hakuna anayejua amwandike kama nani.

Naandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Mwaka 2021 wakuu wenu wa nchi walikubali kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na hapa mtaani kwetu kilikuwa lugha ya kila siku kabla yenu.

Kwa asiyeijua Buyenzi: ni mtaa uliopimwa na Wabelgiji enzi mji huu ukiitwa Usumbura, barabara zake zimenyooka na zinaitwa kwa namba. Humo waliwekwa watu walioitwa Waswahili, yaani waliotoka Ujiji, Maniema, Uvira na Fizi, na wengine waliofuata njia za biashara kutoka pwani. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 na mji ukabadilishwa jina, watu wale walikuwa wameshakaa vizazi viwili. Hadi leo kuna nyumba ambazo baba ana hati za Kongo, mama za Tanzania, mtoto wa kwanza ni raia wa Burundi na mdogo wake bado anazungushwa na makaratasi. Wote wanakula sahani moja. Tofauti yao huonekana tu siku ya safari.

Safari zenyewe hazikukosekana. Kuna walioondoka mwaka 1993, vita vilipoanza. Kuna walioondoka 2015, pale maandamano yalipoanza mwezi wa Aprili na jaribio la mapinduzi likafuata Mei. Zaidi ya watu 400,000 waliikimbia nchi hii katika msukosuko ule. Wengi wao walikuwa Warundi, lakini ndani ya mkumbo walikuwemo wakaazi wasio raia, na hao walirudi kwenye nchi za mababu ambazo wengine hawakuwahi kuziona. Mrundi aliyekimbilia kambi za Nyarugusu au Nduta, alipotaka kurudi, alipangiwa msafara. Tangu Septemba 2017 misafara ya hiari kutoka Tanzania imerudisha watu wengi sana, kwa fomu, kwa mabasi, na kwa mtu wa kuwapokea. Jirani yake wa Buyenzi aliyekuwa na kadi ya ukaazi hakuwa na msafara. Huyo alijipanga mwenyewe, akakata tiketi ya basi.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu, na mwenyewe ameniruhusu. Shangazi yangu ni mzaliwa wa Kigoma. Aliolewa Buyenzi zamani, na mume ambaye naye kwao ni Fizi. Hakuna kati yao aliyechukua uraia wa Burundi; kila mmoja alibaki na hati za kwao na kadi ya ukaazi ya hapa. Shangazi aliuza vitenge soko kuu la Bujumbura mpaka lilipoteketea Januari 2013, akaanza upya soko la kwa Siyoni. Mwishoni mwa 2019 mama yake akaugua, akaenda Kigoma kumuuguza. Machi 2020 korona ikafunga njia. Njia zilipofunguka, mgonjwa hakuwa wa kuachwa. Ukaja msiba, ikaja arobaini, likaja na suala la shamba kati ya ndugu ambalo sitalieleza hapa. Aliporudi, miaka ilikuwa imepita. Mkononi alikuwa na pasipoti mpya ya Tanzania, na ndani ya pochi ile kadi ya ukaazi, imekwisha muda, plastiki yake imechanika pembeni, picha ya ujanani imefifia mpaka zimebaki nyusi na mtandio.

Lango alilopitia silitaji, na afisa aliyemhudumia simlaumu. Kwa maelezo ya shangazi alikuwa kijana mwenye adabu. Alimuuliza: “Mama, unakuja kutembea, kufanya biashara, au unapita?” Shangazi akamjibu: “Narudi kwangu.” Kijana akaitazama skrini, akaigeuzageuza ile kadi, akamwambia kwa upole kwamba imekwisha, lakini asiwe na wasiwasi, maana raia wa Jumuiya anaingia kama mgeni bila kulipa viza na anapewa hadi miezi sita. Nje konda alikuwa anapiga makofi kwenye bodi ya basi, akiita abiria waliobaki. Mizigo yote ya shangazi ilikuwa juu ya lile basi: gunia la dagaa, sufuria za mama yake, godoro. Akasema haya, piga muhuri. Ukapigwa.

Ndivyo bibi mwenye wajukuu Buyenzi alivyoingia Burundi kwa matembezi.

Waheshimiwa, nasema kweli kwamba aliyempiga muhuri alimtendea wema. Kilichomponza ni ule wema kuwa na mlango mmoja tu. Itifaki ya Soko la Pamoja mliyoisaini Novemba 2009, ikaanza kazi Julai 2010, imemfikiria mgeni na imemfikiria mfanyakazi. Ibara ya 7 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kutembea bila viza. Ibara ya 10 inamhusu mfanyakazi, ya 13 anayetaka kuanzisha shughuli yake, ya 14 inahusu haki ya kuishi katika nchi nyingine. Lakini hapo hapo kwenye ibara ya 14 mliandika kwamba ukaazi wa kudumu utaongozwa na sera na sheria za kila nchi, mkafunga ukurasa. Mtu aliyefika jana mlimwekea kanuni ya pamoja. Aliyefika kabla ya Jumuiya hii kuzaliwa mkamwachia kila serikali na daftari lake.

Matokeo yake yanaonekana kwenye meza ya uhamiaji. Kwa urahisi wa safari, ni afadhali leo uwe kijana wa Mombasa anayekuja Bujumbura kwa mara ya kwanza kuliko uwe bibi wa Buyenzi anayerudi baada ya miaka minne. Kijana ana jibu la kila swali kwenye fomu. Bibi hana kisanduku cha kutia alama.

Mtaniambia: si ameingia? Kuna tatizo gani? Tatizo linaanza kesho yake. Katika kaye ya nyumba, lile daftari ambalo kila nyumba ya Bujumbura huandikisha wanaolala humo, shangazi ni mke wa mwenye nyumba na mkaazi. Katika pasipoti yake ni mgeni mwenye miezi sita. Akienda kuomba kadi mpya ataulizwa swali ambalo si yeye wala karani anayeweza kulijibu kwa uhakika: je, anahuisha ukaazi wake wa zamani, au anaomba upya kama aliyefika juzi? Miaka yake yote ya nyuma inahesabika au imefutwa na ule muhuri? Kwa anayefikiria siku moja kuomba uraia, hilo ni suala la maisha, kwa sababu uraia wa kuandikishwa hupimwa kwa miaka mtu aliyoishi nchini. Muhuri wa sekunde mbili unaweza kula nusu ya umri wa mtu.

Hili linaniuma zaidi kwenye mipaka ya nchi kavu kuliko uwanja wa ndege, na nina sababu. Anayesafiri kwa ndege hukaguliwa kabla ya kupanda. Kama hati zake zina kasoro, hujua akiwa bado kwa wenyeji wake, na ana muda wa kwenda ubalozini. Anayekuja kwa basi hugundua akiwa tayari amefika. Kwenye vituo vya pamoja kama Kabanga na Kobero, mpakani mwa Tanzania na Burundi, mmefanya kazi nzuri, naisifu bila kinyongo: jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea dirisha linalofuata, unagongewa wa kuingia, basi linaendelea. Zamani ilikuwa foleni mbili na tope katikati. Lakini kasi hiyo imejengwa kwa ajili ya malori na abiria wa kawaida. Mwenye jambo la kueleza anaeleza huku basi linanguruma na foleni inamsukuma mgongoni, mbele ya wabadilisha fedha na mabunda yao ya faranga na shilingi. Hapo nani atadai haki ya ukaazi? Utakubali chochote kitakachokufikisha nyumbani kabla ya usiku.

Sasa kuhusu kukawia kwenyewe. Ninyi mnajua kuliko mimi jinsi kukawia kunavyotengenezwa katika ukanda huu. Mwaka 2020 nchi nyingi zilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na kwingine ya nchi kavu ilichelewa kufunguliwa kuliko anga. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulivurugika baada ya 2015, ukafunguka 2022, na tarehe 11 Januari 2024 ukafungwa tena. Mtu aliyekwenda Butare kumuona dada yake wiki moja kabla ya tarehe hiyo alijikuta safari ya saa chache imekuwa ya kuzunguka kupitia Tanzania. Upande wa Kongo, Februari 2025, baada ya Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi, wengine wakivuka mto Rusizi kwa miguu na kwa kuogelea. Mtu wa Buyenzi aliyekuwa Bukavu kwa shughuli zake siku zile, kadi yake ya ukaazi ilibaki wapi? Ilibaki ndani ya nyumba aliyoikimbia.

Kutokuwepo kwa namna hii hakuwezi kuhesabiwa sawa na kwa mtu aliyehama kwa hiari yake akajenga kwingine. Serikali iliyofunga lango haiwezi kumhoji mtu kwa nini hakupita.

Nimeangalia wenzetu wanafanyaje, maana ndugu zetu wametapakaa. Marekani, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea alichokiomba mapema, kadi yake pekee haimrudishi. Inabidi aombe viza maalumu ya mkaazi anayerejea, na athibitishe kwamba alikwamishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Uingereza, ukaazi usio na kikomo hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Umoja wa Ulaya una kanuni ya pamoja kwa wakaazi wa muda mrefu: ukiwa nje ya Umoja miezi 12 mfululizo, hadhi hiyo inaweza kukutoka. Ni sheria ngumu, na wapo waliolizwa nazo. Lakini zimeandikwa. Mtu anajua saa yake inaisha lini. Anaweza kuomba kibali kabla, anaweza kurudi mwezi mmoja akaondoka tena, anaweza kuamua kupoteza akijua anapoteza nini. Nyuma ya kadi ya shangazi kuna saini na namba. Kuhusu kutokuwepo hakuna hata neno moja. Kati ya sheria ngumu iliyoandikwa na upole usiojulikana mwisho wake, mimi nachagua sheria.

Tena si kwamba sheria za dunia ziko kimya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990 na majirani wote wa Maziwa Makuu ni wanachama, unasema katika ibara ya 12 kwamba hakuna mtu atakayenyimwa kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza, katika Maoni yake ya Jumla namba 27, kwamba “nchi yake” ni pana kuliko nchi ya uraia wake, na kwamba inaweza kumhusu hata mkaazi wa muda mrefu ambaye mizizi yake yote iko hapo. Mwaka 2011, katika shauri la Nystrom dhidi ya Australia, Kamati hiyo iliamua kwamba mtu aliyezaliwa Sweden akapelekwa Australia akiwa mchanga asiyefikisha mwezi mmoja, na kuishi huko miaka yote bila kuchukua uraia, nchi yake ni Australia. Hakuwa malaika, alifukuzwa kwa makosa ya jinai, na bado hoja yake ilisimama. Shangazi yangu hana kosa zaidi ya kumuuguza mama.

Najua hoja ya usalama, na siidharau. Mpaka wetu wa Gatumba una kumbukumbu nzito: usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini, karibu na mpaka. Afisa anayefanya kazi kwenye ukanda huu ana haki ya kushuku karatasi iliyochakaa. Kadi bandia zipo, majina ya kuazima yapo. Ila tazameni kilichotokea: afisa alikuwa na shaka juu ya kadi ya zamani, akamwingiza mwenye kadi kwa kumwandika kitu ambacho wote wawili walijua si kweli. Kumbukumbu za nchi sasa zinasema yuko mgeni mmoja kutoka Kigoma ambaye ataondoka baada ya miezi sita, wakati yuko mkaazi wa mtaa unaojulikana, nyumba inayojulikana, ambaye shefu wa karitiye, yaani kiongozi wa mtaa, anamfahamu kwa sauti. Nchi inayotaka kujua nani yuko ndani yake haiwezi kuanza kwa kujidanganya yenyewe mlangoni.

Na kuna walio chini zaidi ya shangazi. Hapa Burundi UNHCR imehesabu takriban watu elfu moja wasio na uraia wowote, wengi wao wenye asili ya Oman, familia ambazo maduka yao yalikuwepo Burundi kabla ya uhuru. Shangazi walau anayo Tanzania ya kumpa pasipoti. Hao, wakitoka, hawana pasipoti ya kurudia, kwa hiyo wengi hawatoki kabisa: hawaendi kuzika, hawaendi kutibiwa. Kanuni ya mkaazi anayerejea ingewafaa wao kuliko yeyote.

Msiseme ni jambo kubwa mno kwa nchi maskini. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia kwao mwaka 1972, watu wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ilichukua miaka, palikuwa na mivutano, lakini ilifanyika, na vyeti vikatolewa. Ninaloomba mimi ni dogo mno mbele ya hilo.

Naomba, kwanza kabisa, muda uandikwe. Kaeni Arusha mkubaliane mkaazi wa kudumu anaweza kuwa nje kwa muda gani bila kupoteza hadhi yake, na uchapwe nyuma ya kadi. Binafsi naona miaka mitatu inatosha, ila mkisema miwili sitagomba, mradi tuujue. Katika kuhesabu, siku ambazo mpaka ulifungwa kwa amri, ambazo vita vilikata njia, au ambazo mtu alikuwa anauguza na ana cheti cha hospitali, zitolewe.

Fomu na skrini za mipakani ziongezwe aina moja ya abiria: mkaazi anayerejea. Kadi iliyokwisha muda itoshe kumwingiza mara moja, kwa muhuri wenye jina hilo hilo, kisha apewe siku tisini za kuripoti kwenye ofisi ya uhamiaji ya mji anakoishi ahuishe kadi yake, akiwa na shahidi wa mtaa na kaye ya nyumba. Uchunguzi wa kina ufanyike huko, ambako kuna majalada na kiti cha kukalia. Aliyepoteza kadi kabisa akikimbilia usalama wake naye awe na njia, hata ikiwa ndefu zaidi.

Na yule aliyekwisha pigwa muhuri wa mgeni kwa sababu hapakuwa na mwingine, miaka yake ya zamani irudishwe kwenye hesabu. Hapa sitakubali kupunguziwa.

Mnaweza kuniuliza kwa nini siandiki kwa uhamiaji wa Burundi peke yake. Kwa sababu mkaazi wa kudumu ana pande mbili siku zote. Kongo ilijiunga nanyi mwaka 2022, kwa hiyo mto Rusizi, uliokuwa ukingo wa Jumuiya upande huu, sasa uko ndani. Warundi wenye maduka Uvira, Wakongo wa Kigoma, Watanzania wa Rumonge, Wanyarwanda wa Kampala: wote wana kadi za nchi ambazo si zao kwa pasipoti, na wote husafiri kwa barabara kwa sababu nauli ya ndege hawana. Burundi ikiandika kanuni peke yake itamsaidia shangazi yangu. Haitamsaidia Mrundi aliyekaa Kigoma miaka thelathini naye akakawia Bujumbura.

Mkutano wenu ujao uweke jambo hili kwenye ajenda. Mkilikubali, kanuni ibandikwe ukutani katika kila lango la nchi kavu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, palepale juu ya dirisha la muhuri, ili anayerudi aisome akiwa kwenye foleni na afisa aisome akiwa kwenye kiti chake. Mkilikataa, tuandikieni pia, mtaje na sababu. Muhuri wa shangazi unakwisha kabla ya mwaka huu kuisha.

Wenu,
Mkaazi wa Buyenzi, Bujumbura